Maikrofoni Mbele ya Gitaa Lenye Mkwaruzo

MASOMO YA WATU WAZIMA KWA REDIO
Somo la Kumi na Nne

(Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosemwa redioni. Mahali palipokuwa na sauti za mfano tumeeleza katika mabano, ili asiyekuwa na redio naye apate kufuata.)

Natumaini mmeketi vizuri, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Katika somo lililopita tulijifunza jinsi maikrofoni inavyogeuza sauti kuwa umeme. Leo twaendelea hatua moja mbele. Tutajifunza mahali pa kuiweka maikrofoni tunapotaka kunasa sauti ya gitaa la umeme, na hasa gitaa lile lenye sauti ya kukwaruza.

Labda mmoja wenu atauliza, "Jambo hilo lanihusu nini mimi?" Swali zuri. Vikundi vingi vya vijana huchanga fedha kidogo kidogo mpaka waweze kulipia siku moja ya studio. Siku moja tu. Wakiweka maikrofoni mahali pabaya, siku imepotea na fedha zimekwenda. Sauti iliyonaswa vibaya ni kama mchuzi uliozidi chumvi. Waweza kuongeza viungo upendavyo, lakini chumvi haitoki. Tena kuna jambo la masikio, ambalo ni kubwa kuliko fedha. Tutalifikia.

MANENO YA LEO

Kwanza andikeni maneno haya sita:

Amplifaya: mashine inayokuza umeme mdogo utokao kwenye gitaa.
Spika: chombo kinachogeuza umeme kuwa sauti tena.
Karatasi ya spika: ile sehemu pana iliyokunjwa kama faneli, inayotikisika.
Kifuniko: kile kibonge kidogo cha mviringo kilicho katikati ya karatasi ya spika.
Wimbi: mtikisiko mmoja wa sauti, kwenda na kurudi.
Mkwaruzo: sauti ya gitaa iliyochakaa kwa kusudi, kama koo la mtu aliyepiga kelele siku nzima.

MKWARUZO NI NINI?

Nyuzi za gitaa la umeme ni za chuma. Chini yake zimewekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Umeme huo huenda kwenye amplifaya, hukuzwa, kisha hupelekwa kwenye spika.

Sasa chukueni kalamu. Choreni mawimbi ya bahari, ya mviringo, yanayopanda na kushuka. Hiyo ndiyo sauti safi, kama ile mnayoisikia katika magitaa mengi ya dansi. Kisha wekeni rula juu ya mawimbi na kukata vilele vyote kwa mstari ulionyoka. Fanyeni hivyo na chini pia. Mawimbi yenu sasa ni bapa, tena yana pembe.

Hivyo ndivyo inavyotokea ndani ya amplifaya. Ikipewa kazi ndani ya uwezo wake, hufuata uzi kwa uaminifu. Ikipewa kazi kupita uwezo wake, hufika mwisho wa nguvu zake na kukata vilele. Zile pembe mlizochora ndizo mkwaruzo.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, sauti nyembamba nyingi huongezeka. Uzi wa pili kutoka ule mnene kabisa hutikisika mara 110 kwa sekunde. Amplifaya inapokata vilele vyake, zile sauti za mara 220, 330, 440, 550 na kuendelea juu hupata nguvu zaidi. La pili, sauti ndogo na sauti kubwa hukaribiana, na sauti hudumu muda mrefu kabla ya kufa.

Zamani mkwaruzo ulihesabiwa kuwa ubovu tu. Lakini mwaka 1951, katika mji wa Memphis, Marekani, ulinaswa wimbo uitwao "Rocket 88" katika studio ya Sam Phillips. Amplifaya ya mpiga gitaa ilikuwa imeharibika njiani. Yasimuliwa kwamba spika yake ilishindiliwa karatasi ili kazi iendelee. Sauti ilitoka ikikoroma, na watu wakaipenda. Mwaka 1964, huko Uingereza, Dave Davies wa kikundi cha The Kinks aliikata karatasi ya spika yake kwa wembe, akapata sauti ya kukwaruza katika wimbo "You Really Got Me". Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza nchini mwao mwaka huohuo. Baadaye mafundi walitengeneza amplifaya zenye swichi za kuleta mkwaruzo, na siku hizi hakuna haja ya kukata kitu.

KWA NINI MAIKROFONI?

Mwingine atasema, "Gitaa lina waya. Kwa nini tusiuchomeke waya huo katika mashine ya kunasia sauti, tukaacha taabu ya maikrofoni?"

Jibu ni kwamba spika nayo ni sehemu ya ala. Spika ya gitaa ya kawaida ina upana wa inchi 12. Karatasi yake ni nzito kiasi, kwa hiyo haiwezi kutikisika upesi sana. Sauti zinazopita mawimbi kama 5,000 kwa sekunde huzidi kufifia. Kazi yake ni kama ya kichujio cha nazi: machicha hubaki, tui hupita. Ukiuruka mchujo huo, mkwaruzo hutoka kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo.

(Hapa zilisikizwa sauti mbili za gitaa moja. Ya kwanza ilinaswa kwa waya tu, ikalia kama nyuki. Ya pili ilipitia spika na maikrofoni, ikawa nene na yenye kifua.)

Zipo siku hizi programu za kompyuta zinazoiga spika na maikrofoni. Hata humo utaulizwa maikrofoni isimame wapi, basi somo la leo litakufaa kote kote.

TAZAMENI SPIKA

Watu wengi husimamisha maikrofoni mbele ya sanduku bila kujua spika iko wapi. Kitambaa kimeifunika, hawaioni. Chukueni tochi, mmulike kitambaa kwa karibu. Mtaiona karatasi, na katikati yake kifuniko. Tieni alama ndogo kwa chaki au kipande cha gundi ya karatasi.

Kama sanduku lina spika nne, sikilizeni kila moja kwa sauti ndogo. Mara nyingi hazifanani, maana moja imezeeka na nyingine imebadilishwa. Chagueni iliyo njema.

Sasa shikeni jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha somo. Sauti nene na sauti nyembamba hazitoki kwa namna moja. Sauti nene husambaa kila upande, kama mwanga wa kandili. Sauti nyembamba hutoka katikati ya spika na kwenda mbele moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Mkwaruzo nao umejaa sauti nyembamba. Ndiyo maana kwa gitaa la namna hii maikrofoni ikisogea upana wa vidole viwili tu, sauti hubadilika waziwazi.

Basi kuna mahali patatu pa kujaribu:

Kwanza, katikati ya kifuniko. Hapa sauti ni kali, inakata kama kisu. Husikika hata katikati ya ngoma nyingi, lakini yaweza kuchoma masikio.

Pili, ukingoni mwa karatasi. Hapa sauti ni nene na ya giza. Ukali umekwisha, lakini maneno ya gitaa hayasikiki vizuri.

Tatu, pale kifuniko kinapokutana na karatasi. Hapa ukali na unene hupatana. Mkiwa hamjui pa kuanzia, anzieni hapa.

(Hapa gitaa lilipigwa mara tatu kwa maneno yaleyale, maikrofoni ikiwa katika mahali pale patatu.)

Je, mlisikia? Mpigaji hakubadili kitu, wala swichi hazikuguswa. Ni maikrofoni tu iliyosogea, na sehemu zote tatu zaingia ndani ya kiganja cha mkono.

UMBALI NA KUINAMISHA

Baada ya kuchagua mahali, angalieni umbali. Kwa kuanza, maikrofoni ikae sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kitambaa. Isikiguse, kwa maana mtikisiko wa sanduku utaingia ndani.

Maikrofoni nyingi za studio husikia zaidi upande wa mbele. Maikrofoni za namna hiyo zina tabia moja: kadiri zinavyosogea karibu na mlio, ndivyo zinavyoongeza sauti nene. Kwa hiyo gitaa likiwa na besi nyingi mno, msikimbilie swichi. Rudisheni maikrofoni nyuma sentimita 5 au 10, msikilize tena.

Sauti ikiwa kali bado, inamisheni maikrofoni pembeni, nusu ya pembe mraba, yaani digrii 45. Ukali utapungua kidogo na mahali pake patabaki palepale.

Je, maikrofoni gani inafaa? Mafundi wengi hutumia maikrofoni isiyo na makuu, ya aina ya Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965. Bei yake si kubwa kama ya nyingine za studio, nayo hustahimili makelele. Wengine hupenda maikrofoni yenye utepe mwembamba wa aluminiamu ndani yake, kwa kuwa hulainisha mkwaruzo. Lakini utepe huo ni mwepesi mno. Upepo mkali waweza kuupasua, basi msiipulize kamwe kwa mdomo kuijaribu.

Mkiirudisha maikrofoni nyuma mita 1 au 2, itasikia chumba pamoja na gitaa. Chumba kizuri huipa sauti ukubwa. Chumba kidogo chenye kuta tupu za saruji huivuruga. Tena kuna sakafu: sauti moja huja moja kwa moja, na nyingine hugonga sakafu kwanza, ikafika imechelewa. Dawa yake si ghali. Pandisheni sanduku juu ya meza imara, au tandikeni blanketi zito au godoro sakafuni mbele yake.

MAIKROFONI MBILI NA HESABU YAKE

Yuko atakayesema, "Kama moja ni nzuri, mbili ni bora." Huenda, lakini hebu tufanye hesabu kwanza.

Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Tuseme spika inatoa sauti ya mawimbi 1,000 kwa sekunde. Gawanyeni 340 kwa 1,000. Mtapata mita 0.34, yaani sentimita 34. Huo ndio urefu wa wimbi moja.

Sasa tuseme maikrofoni ya pili iko nyuma ya ile ya kwanza kwa sentimita 17, yaani nusu ya wimbi. Ya kwanza inapopokea kilele, ya pili inapokea bonde. Mkizichanganya, moja inaongeza na nyingine inapunguza. Ni kama watu wawili kwenye mkokoteni mmoja, huyu avuta mbele na yule avuta nyuma. Mkokoteni hauendi. Sauti ile ya 1,000 itafifia, na za 3,000 na 5,000 zitafifia pamoja nayo. Gitaa litasikika kama mtu asemaye ndani ya bomba.

Kwa hiyo, mkitaka maikrofoni mbili mbele ya spika moja, ziwe umbali mmoja kutoka kwenye kitambaa, zikikaribiana. Pimeni kwa rula, msipime kwa macho. Kisha sikilizeni kila moja peke yake, halafu zote pamoja. Zikiwa pamoja na sauti ikawa nyembamba kuliko ya mmoja wao, ziko mbioni kupingana. Sogezeni moja kidogo kidogo mpaka unene urudi.

Sanduku lililo wazi nyuma lina jambo lake. Karatasi ya spika inapoisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Maikrofoni ya nyuma hupokea sauti iliyogeuzwa. Mashine nyingi za studio zina swichi ya kugeuza wimbi, nayo ndiyo itumike hapo.

Kwa anayeanza, maikrofoni moja iliyowekwa kwa uangalifu ni bora kuliko mbili zinazogombana.

MAKOSA MAWILI YA KUJIHADHARI NAYO

Kosa la kwanza ni la kusikiliza kwa kusimama. Sanduku liko sakafuni, na masikio ya mpigaji yako juu, mita moja na nusu. Kumbukeni mfano wa tochi. Sauti nyembamba zinampita miguuni. Yeye asikia sauti ya giza, kwa hiyo azidisha ukali kwa swichi. Lakini maikrofoni iko mbele ya spika hasa, nayo yapokea ukali wote. Wakisikiliza baadaye, wote washtuka. Dawa ni kusikiliza kile kilichonaswa, katika chumba kingine, kisha kurekebisha swichi kwa sauti hiyo.

Kosa la pili ni kuzidisha mkwaruzo. Kinachofurahisha chumbani kwaweza kuwa tope katika mashine. Tena mara nyingi gitaa hunaswa mara mbili, moja upande wa kushoto na moja wa kulia, na mikwaruzo miwili hujumlika. Punguzeni kidogo kuliko mnavyopenda, na sikilizeni kama kila uzi watambulikana.

Na tazameni kipimo cha mashine ya kunasia. Kikifika kwenye rangi nyekundu, rudisheni chini. Mkwaruzo wa amplifaya twautaka. Mkwaruzo wa mashine ya kunasia hatuutaki, wala hauondoki tena.

MASIKIO NA UMEME

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa wazazi wenye vijana wapigaji.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo kinachofuatwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu. Andikeni:

Desibeli 85: saa 8
Desibeli 88: saa 4
Desibeli 91: saa 2
Desibeli 94: saa 1
Desibeli 97: dakika 30
Desibeli 100: dakika 15

Amplifaya kubwa ndani ya chumba kidogo hupita 100 bila shida. Mtu akitoka humo masikio yake yakilia "nziii", ameonywa. Vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya sikio vikifa havioti tena, wala hakuna duka viuzwapo. Pamba peke yake haitoshi. Tumieni vizibo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mwenye kusogeza maikrofoni asogeze wakati gitaa limenyamaza. Msiinamishe sikio mbele ya spika iliyofunguliwa kwa nguvu, hata kwa dakika moja.

Umeme nao una sheria zake. Amplifaya za kizamani, zenye taa za kioo ndani, hutumia umeme wa volti mia kadhaa. Umeme huo waweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Msifungue nyuma yake, mwiteni fundi. Msiwashe amplifaya ya namna hiyo kama spika haikuunganishwa, maana itaungua. Msikate jino la ardhi la plagi. Na mpigaji akisikia umeme ukimchoma anapogusa maikrofoni na gitaa pamoja, kazi isimame mara moja mpaka fundi aje.

ZOEZI LA JUMA HILI

Walio na nafasi ya kufika mahali penye gitaa na amplifaya, nendeni watu watatu. Mmoja apige, mmoja asogeze maikrofoni, mmoja aandike. Chagueni maneno mafupi ya gitaa, ya sekunde 20. Yapigwe vilevile kila mara, na swichi zisiguswe. Naseni mara tano: katikati ya kifuniko, pale kifuniko kinapokutana na karatasi, ukingoni, palepale pa pili lakini maikrofoni imeinamishwa, na palepale pa pili lakini nyuma sentimita 30. Kabla ya kila mara, semeni namba kwa sauti, mpate kuitambua baadaye. Kisha kaeni chumba kingine, msikilize zote tano, na kila mmoja aandike aipendayo na sababu yake kabla hamjazungumza.

Wasio na vyombo watumie redio ya nyumbani. Ifungueni kwa sauti ndogo. Sikilizeni mkiwa mbele yake hasa, kisha mkiwa pembeni. Andikeni ni sauti zipi zilizopotea.

MASWALI

1. Mkwaruzo hutokea amplifaya inapofanya nini na vilele vya mawimbi?
2. Kwa nini gitaa lililonaswa kwa waya tu hulia kama nyuki?
3. Sauti zipi husambaa kama kandili, na zipi huenda kama tochi?
4. Sauti ikiwa kali mno, taja mambo mawili uwezayo kufanya bila kugusa swichi.
5. Sauti ya mawimbi 500 kwa sekunde ina urefu wa sentimita ngapi kwa wimbi moja?
6. Chumba kina desibeli 94. Yafaa kukaa humo muda gani kwa siku?

Majibu ya hesabu ni haya, lakini msiyatazame kabla ya kujaribu: la tano ni sentimita 68, la sita ni saa 1. Majibu mengine yatafuteni katika somo lenyewe.

Katika somo lijalo tutazungumza juu ya ngoma, nazo zina taabu zaidi, kwa sababu kila moja yaingia katika maikrofoni ya mwenzake. Leteni daftari zenu na michoro ya mawimbi mliyochora leo, maana tutaihitaji tena. Kwaherini.